Denmark Mwaka 1882: Wakulima wa Hjedding na Kiwanda Chao cha Maziwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya ushirika katika nchi za nje. Historia hiyo ni ndefu, na nikijaribu kuieleza yote tutalala hapa. Kwa hiyo nimechagua nchi moja, Denmark, na mwaka mmoja tu, 1882.

Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza majimbo ya Schleswig na Holstein. Nchi iliyokuwa ndogo ikazidi kuwa ndogo. Halafu, katika miaka ya 1870, nafaka rahisi kutoka Marekani na Urusi ilianza kumiminika katika masoko ya Ulaya, bei ikaporomoka. Mkulima wa Denmark alikuwa akitegemea kuuza nafaka. Serikali za nchi nyingine zilijikinga kwa ushuru. Denmark iliacha milango wazi, na wakulima wake wakaitumia nafaka hiyo rahisi kulishia mifugo, ili wauze siagi Uingereza.

Lakini siagi ya nani? Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mabwana wenye mashamba makubwa walikuwa na ng'ombe wengi, vyumba vya baridi na wapishi wa siagi waliofundishwa. Siagi yao ilipata bei nzuri. Mkulima mwenye ng'ombe watatu au watano aliyaweka maziwa yake katika vyungu, akangoja malai yapande juu, na mara nyingi yalichachuka kabla hayajatosha kusukwa. Siagi ya nyumba hii haikufanana na ya nyumba ile. Mfanyabiashara aliichanganya yote na kuilipia bei ya chini.

Kuanzia mwaka 1878 ilitokea mashine ya kuzungusha maziwa kwa kasi na kuyatenga malai mara moja, bila kungoja. Tangu hapo maziwa ya nyumba nyingi yaliweza kuchanganywa na kutengenezwa mahali pamoja. Mashine hiyo ilikuwa ghali kwa mkulima mmoja. Wako wanaosema kuwa mashine ndiyo iliyoleta ushirika Denmark. Mimi sikubaliani nao. Mashine ile ile ilinunuliwa pia na watu binafsi, waliofungua viwanda na kununua maziwa ya wakulima kwa bei waliyopenda wao. Wakulima wa Hjedding, kijiji kilicho karibu na Ølgod magharibi ya Jutland, walijiuliza swali jingine: kiwanda kitakuwa mali ya nani? Mwezi wa Juni 1882 walifungua cha kwao wenyewe, na hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika katika Denmark.

Ndugu makatibu, nawaomba mtazame masharti yao, maana nguvu ilikuwa humo. Mwanachama alifungwa kuleta maziwa yake yote, isipokuwa yale ya matumizi ya nyumbani. Hakuwa na ruhusa ya kuuza kwa mfanyabiashara siku bei ya mtaani inapopanda, kisha akumbuke chama siku inaposhuka. Maziwa yaliyokwisha kutolewa malai alirudishiwa, akawape ndama na nguruwe. Ziada iligawanywa kwa kadiri ya maziwa ambayo kila mmoja ameleta. Fedha za kujengea zilikopwa, na wanachama wote walikuwa wadhamini wa deni: chama kikianguka, mdai angeweza kumshika yeyote kati yao. Hebu fikirini mtu mwenye ng'ombe wanne akitia sahihi karatasi ya namna hiyo. Mtu huyo hakosi mkutano mkuu, wala hasinzii hesabu zinaposomwa.

Kuhusu kura, Wadenmark wana msemo kwamba huhesabiwa vichwa vya watu, si vichwa vya ng'ombe. Ilikuwa desturi iliyoenea katika vyama vyao: mwenye ng'ombe hamsini kura moja, mwenye ng'ombe wawili kura moja.

Msidhani kwamba kila jambo lilikwenda sawa. Mwanzoni maziwa yalilipiwa kwa uzito. Mizani haiwezi kutofautisha maziwa na maji, na mwenye maziwa mazito alilipwa sawa na mwenye maziwa mepesi. Ugomvi wa namna hiyo sina haja ya kuueleza kwa watu waliowahi kusimama penye mizani wakati wa msimu. Dawa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1880, mtaalamu N. J. Fjord alipotengeneza chombo cha kupima mafuta yaliyomo katika maziwa ya wengi kwa mara moja. Ndipo malipo yalipoanza kufuata ubora.

Tena wanachama walijua kusoma. Elimu ya lazima ilianza huko mwaka 1814, na tangu 1844 zilikuwako shule za watu wazima wa mashambani, zilizotokana na mawazo ya Grundtvig. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975 vilichukua mfano wa shule kama hizo za Skandinavia. Katibu wa Hjedding, kwa hiyo, aliandika daftari ambalo wanachama waliweza kulikagua wenyewe.

Mwaka 1887 wakulima wa Horsens walianzisha kiwanda cha ushirika cha nyama ya nguruwe, na kufikia mwaka 1900 viwanda vya maziwa vya ushirika vilizidi elfu moja. Baadaye vingi viliunganishwa au kufungwa. Mwaka 2000 ushirika mkubwa wa Denmark uliungana na wa Sweden, ukawa mali ya maelfu ya wakulima wa nchi mbili. Na jinsi sauti ya mwenye ng'ombe wachache inavyosikika katika chombo kikubwa kama hicho ni jambo linalostahili kujadiliwa hata katika Union yetu. Jengo la Hjedding bado lipo, nalo ni makumbusho.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na yale ya mizani.