Bunduki za Wakubwa



Wapendwa, tukitaja Marekani na Urusi, wengine husema, "Hayo ni ya wakubwa, sisi hapa Lodwar yatuhusu nini?" Hebu tuangalie vizuri.

Wakubwa hao waliogopana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mabomu ya nyuklia. Basi walishindana kwa mikono ya wengine. Tangu 1977 Warusi walimpa silaha Mengistu wa Ethiopia. Wamarekani wakamsaidia Nimeiri wa Sudan. Mei 1991 Mengistu akakimbia. Askari wake wakatawanyika, na bunduki nyingi zikauzwa mipakani. Vijana wa Sudan waliokuwa kambini Ethiopia wakafukuzwa na vita, wakatembea mpaka kwetu. Ndivyo kambi ya Kakuma ilivyoanza 1992.

Wakubwa walipatana. Bunduki zilibaki.

Sasa mtu anauza ng'ombe anunue bunduki, eti alinde ng'ombe! Mpokot akisikia, naye ananunua. Si ni mchezo uleule? Kila mmoja anamwogopa mwenzake, na watoto ndio wanaokosa karo, tena ndio tunaowazika.

Lakini mwaka 1987 Reagan na Gorbachev walikaa mezani, wakakubaliana kuharibu makombora yao ya masafa ya kati. Kama wao waliweza, sisi tunashindwaje kukaa chini ya mti na majirani? Wazee, akina mama, vijana: kabla ya kununua risasi, tuite kikao kwanza.