Mgeni ndani ya kivinjari

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza hasa na nyinyi mnaokwenda kwenye vyumba vya kompyuta kuomba masomo, kusoma barua pepe au kufuatilia faili zenu.

Kila kompyuta ina kivinjari, yaani programu ya kufungulia intaneti, kama Chrome au Firefox. Ndani yake mtu anaweza kubandika programu nyingine ndogo, zinazoitwa viendelezi. Vingine vina faida: kimoja hutafsiri, kingine huzuia matangazo. Lakini viko vinavyoingia kwa kujificha, pamoja na programu ya bure ya kupakua video au muziki. Mtu anabonyeza "kubali, kubali", kumbe mgeni amekwisha kuingia.

Hatari iko wapi? Vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote. Sikilizeni vizuri maneno hayo. Kusoma ni kuona unachoandika, hata neno lako la siri. Kubadilisha ni kuweka kwenye ukurasa kitu ambacho mwenye tovuti hakukiweka. Unatafuta fomu ya masomo, unapelekwa mahali pengine wanapodai pesa. Na mnajua kwamba huduma za UNHCR ni bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu.

Kompyuta zetu ni za watu wengi. Wa asubuhi anapakua video, wa jioni anafungua barua yenye majibu ya familia yake. Hasara inamwangukia yule ambaye hakubonyeza kitu.

Wala msiseme, "Hiki kinasifiwa na wengi." Kiendelezi kimoja cha Chrome, The Great Suspender, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 kiliuzwa kwa mtu mwingine. Februari 2021 Google ilikiondoa kwa sababu kilikuwa na programu hasidi.

Dalili ni hizi: ukurasa wa kwanza umebadilika bila wewe kuubadilisha, unatafuta jambo, unaletewa mengine, matangazo yanafunguka yenyewe.

Sasa chukueni kalamu. Kwenye Chrome, juu pale pa kuandika anwani, andika: chrome, nukta mbili, mikwaju miwili, extensions. Kwenye Firefox andika: about, nukta mbili, addons. Utaona orodha. Usichokijua, bonyeza Ondoa, au Remove kama mashine ni ya Kiingereza. Kwenye kompyuta ya wote, mwite kwanza msimamizi wa chumba.

Kikirudi, tafuta programu iliyokileta katika orodha ya programu za kompyuta, nayo iondolewe. Tena, ikiwa uliingia Chrome kwa akaunti yako na kuruhusu usawazishaji, kinaweza kukufuata hadi kompyuta nyingine. Kagua huko pia.

Mashine ikishakuwa safi, ndipo ubadilishe neno la siri. Ukilibadilisha mgeni akiwa bado ndani, umemkabidhi ufunguo mpya.

Na wenye simu? Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Matangazo yanayoruka kwenye simu yanaweza kutoka kwenye tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa. Bonyeza nukta tatu, ingia Mipangilio, kisha Arifa, uzime tovuti usizozijua.

Basi, ukikaa mbele ya kompyuta ya wote, tazama ile orodha kabla ya kuandika neno lako la siri. Ni kazi ya dakika moja. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako, na umwelekeze jirani aliyeketi kando yako.



(Muziki.)