Umri wa Pombe Ubaki 21, Ila Tuwaondolee Vijana Woga wa Kupiga 911

Maneno niliyoyatoa kwenye mjadala wa Waafrika Mashariki waishio Houston, Texas, ulioulizwa: je, Marekani ishushe umri wa kunywa pombe kutoka 21 hadi 18?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango.

  

Mimi ni muuguzi, nafanya zamu ya usiku katika chumba cha dharura. Sikuja kuhubiri. Wapo humu wanaoamini pombe ni haramu kwa umri wowote, na sina ugomvi nao. Swali la leo ni la sheria.

Kaka aliyenitangulia ametetea 18 vizuri sana. Kijana wa miaka 18 hapa anapiga kura, anasaini mkataba wa deni, na anaweza kuvaa gwanda akapelekwa vitani. Iweje asiaminiwe na chupa moja ya bia? Nami nilipofika nchi hii nikiwa binti wa chuo nilicheka niliposikia habari ya 21. Nyumbani tumezoea 18. Nikasema hawa Wamarekani wanampa mtoto bunduki halafu wanamnyima glasi.

Sicheki tena, na nitaeleza kwa nini. Lakini pia siwezi kusema sheria hii haina kasoro, maana kasoro yake nusura inizikie mdogo wangu.

Tuanze na historia, kwa sababu Marekani hii ilishajaribu tunachokiomba leo. Mwaka 1971 katiba ilibadilishwa, umri wa kupiga kura ukashuka hadi 18. Majimbo mengi yakaona basi na pombe ishuke. Texas yetu ilishusha hadi 18 mwaka 1973. Kilichofuata ni vijana kufa barabarani, mpaka Texas yenyewe ikapandisha hadi 19 mwaka 1981. Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candace Lightner, aliyepoteza binti yake wa miaka 13 kwa dereva mlevi, alianzisha chama cha akina mama kupinga ulevi barabarani. Mwaka 1984 Rais Reagan akasaini sheria iliyosema jimbo lisilopandisha hadi 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara. Texas ilipandisha Septemba 1986, na kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamefuata.

Idara ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba kati ya 1975 na 2017 sheria za umri wa kunywa ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 30,000. Hao ni watu, si hoja ya mdahalo.

Najua jibu lenu: mbona Ulaya wanakunywa na miaka 18, wengine 16, na mbingu haijaanguka? Ndugu zangu, tuangalie tunapoishi. Kijana wa Copenhagen akilewa anapanda treni. Kijana wa Houston ana leseni tangu miaka 16, na kutoka kwenye pati mpaka kwake ni maili ishirini za barabara kuu. Basi la usiku liko wapi? Hapa ukimpa kijana chupa umempa na usukani. Tena hiyo hadithi kwamba Wazungu wa Ulaya wanafundishwa kunywa kistaarabu wakiwa wadogo tuipunguze. Vijana wa Denmark wako juu kabisa Ulaya kwa kulewa.

Kwa hiyo hoja ya gwanda haijanishinda. Jeshi likimchukua kijana wa miaka 18 linampa sajenti wa kumsimamia usiku na mchana. Chupa haina sajenti.

Sasa nije kwenye kasoro. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100 wa nchi hii, wakiongozwa na John McCardell aliyekuwa mkuu wa chuo cha Middlebury, walitia saini tamko la kutaka sheria ya 21 ijadiliwe upya. Walisema vijana hawajaacha kunywa, wamejificha tu, na wanapojificha wanakunywa nyingi kwa haraka. Dawa waliyoielekea siikubali. Ugonjwa walioutaja nimeuona kwa macho yangu.

Mdogo wangu ameniruhusu kusema haya kwa sharti nisimtaje jina. Alikuja kusoma akiwa na miaka 18, na mimi ndiye niliyempokea. Wiki ya kwanza nilimweka kitako. Nikamwambia: "Ole wako nisikie pombe. Polisi wakikukuta nayo viza imekwenda, ada ya mama imekwenda, na mimi sitakuja kukutoa." Nilijiona dada wa maana. Kila mzazi humu ameshatoa hotuba hiyo.

Mwaka uliofuata walimaliza mitihani wakakusanyika kwenye fleti ya mwenzao. Pombe kali, vikombe vya plastiki, na mashindano. Mdogo wangu alianguka saa sita usiku. Wenzake walimmwagia maji, wakamnywesha kahawa, wakamlaza chali wakasema atalala litoke. Walikuwa vijana watano, wote chini ya 21, watatu na viza za wanafunzi. Simu tano mezani, na hakuna aliyepiga 911. Waliogopa polisi, waliogopa bili ya ambulensi, na kama alivyoniambia mmoja wao baadaye, "Dada, tulikuogopa na wewe."

Saa tisa kasoro mmoja akanitumia ujumbe: "Dada, anakoroma vibaya, haamki." Nilikuwa zamu. Simu ilikuwa kwenye kabati. Niliusoma saa tisa na nusu nilipokwenda kunywa chai. Mimi ndiye niliyepiga 911 nikawapa anwani.

Matapishi yalikuwa yameingia kwenye mapafu. Alikaa siku tatu kwenye mashine ya kupumulia. Nilimfuta mdomo kama nifanyavyo kwa wagonjwa wa watu wengine, na kila nikimfuta nilisikia hotuba yangu mwenyewe. Amepona na amehitimu. Lakini alipona kwa bahati. Zile saa tatu na nusu hazikusababishwa na umri wa 21 peke yake. Nilikuwa na mkono wangu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: sheria waliyoiogopa ilikuwa tayari upande wao. Tangu 2011 sheria ya Texas inasema kijana aliye chini ya 21 akiomba msaada wa dharura kwa mtu aliyezidiwa na pombe, akiwa wa kwanza kupiga, akabaki pale mpaka msaada ufike, na akashirikiana na wauguzi na polisi, hashtakiwi kwa kosa la kuwa na pombe au kuinywa. Wote watano hawakuijua. Na mimi, nesi mzima, sikuwahi kumwambia.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Umri ubaki 21, ila kinga hii ipanuliwe. Sasa inamlinda aliyepiga wa kwanza. Naomba imlinde kila aliyebaki na mgonjwa, ili wasianze kutazamana nani apige. Wenye uraia humu mna wabunge wa jimbo kule Austin. Ombi la namna hii ni dogo na halimgharimu mtu kura.

Wakati tunangoja sheria, yaliyo mikononi mwetu ni haya.

Kwanza, ishara za sumu ya pombe. Ukimtikisa na kumfinya haamki. Anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au anakaa zaidi ya sekunde 10 bila kuvuta pumzi. Anatapika akiwa hajitambui. Mwili wa baridi. Kwa ngozi zetu usitafute weupe usoni. Tazama midomo, fizi na kucha kama zimegeuka rangi. Ukiona hata moja, piga 911. Mlaze ubavu, usimwache peke yake. Kahawa haisaidii, maji baridi hayasaidii. Ini linaondoa takribani kinywaji kimoja kwa saa, na iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala.

Pili, makaratasi. Tangu Novemba 2024 gavana ameagiza hospitali za Texas zikusanye taarifa za uhamiaji za wagonjwa. Jibu la mgonjwa halibadilishi matibabu yake. Sheria ya shirikisho ya 1986 inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura zinazopokea fedha za Medicare zimpime na kumtuliza kila anayefika na dharura, awe na fedha asiwe nazo. Bili hulipwa kidogo kidogo. Maiti hailipi.

Tatu, kinachoharibu viza kwelikweli ni usukani. Kukamatwa tu unaendesha umelewa kunaweza kufanya viza yako ifutwe, hata kabla ya hukumu. Na chini ya 21 hapa Texas, chembe yoyote ya kileo kwenye pumzi ya dereva ni kosa.

Nne, wajomba wa nyama choma. Texas inamruhusu kijana kunywa mbele ya macho ya mzazi wake, mlezi wake wa kisheria, au mume au mke wake aliye mtu mzima. Mjomba hayumo. Ukimpa mpwa wako bia, ni faini hadi dola 4,000 na jela hadi mwaka mmoja.

Neno kwa walioko nyumbani. Kenya, sera ya taifa iliyotangazwa 2025 inapendekeza umri upande kutoka 18 hadi 21. Sipingi. Lakini Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza kumuuzia mtoto pombe, na bado viroba vilikuwa kwenye kila kibanda, bei ya pipi, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Umri ulioandikwa kwenye karatasi bila mtu wa kuuliza kitambulisho ni pambo.

Vijana wa mlangoni, namalizia na nyinyi. Bado nasema msinywe. Lakini mwenzenu akianguka, piga. Kama huna wa kumwambia, nimeandika namba yangu kwenye ubao. Sitauliza mlikuwa wapi wala nani alinunua. Na wazazi, leo usiku kwenye gari mkirudi, waambieni wanenu sentensi hiyo hiyo. Mimi nilichelewa kuisema.