Kipindi cha Michezo Kisigeuzwe cha Hesabu



Mitihani ikikaribia, katika shule nyingi kengele ya kipindi cha michezo hulia lakini watoto hawatoki. Mwalimu huandika hesabu ubaoni. Nyumbani nako, mtoto akishika mpira huambiwa, "Weka hiyo chini, usome!" Nia ni njema. Mzazi aliyenunua vitabu na sare kwa jasho lake anataka matokeo. Hata hivyo, dakika hizo huenda zinampotezea mtoto kuliko zinavyomfaidi.

Mwaka wa 2009, Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto 20 wa umri wa miaka 9 hivi. Siku moja watoto walitembea kwenye mashine kwa dakika 20. Siku nyingine waliketi wakapumzika. Baada ya kutembea, walikuwa makini zaidi katika jaribio la kupuuza vitu vya kuwavuruga, na wakafanya vyema zaidi katika ufahamu wa kusoma. Hesabu na tahajia hazikubadilika. Kwa hivyo mazoezi hayachukui nafasi ya mwalimu. Humwandaa mtoto kumsikiliza.

Mwaka wa 2014, utafiti mwingine wa Hillman ulihusisha watoto 221 wa miaka 7 hadi 9. Waliofanya mazoezi baada ya masomo kwa miezi 9 waliimarika kuliko wenzao katika kutuliza mawazo na kubadili mbinu kazi inapobadilika. Huo ndio uwezo anaouhitaji mtoto swali linapokuja kwa sura asiyoizoea.

Sababu inaeleweka. Moyo ukipiga kwa kasi, damu nyingi zaidi hufika kwenye ubongo, na mwili hutoa kemikali zinazosaidia seli za ubongo kukua na kuungana.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Hazihitaji kufanywa kwa mkupuo mmoja, wala hazihitaji pesa. Kutembea haraka kwenda shule, kuruka kamba, kucheza kati au kufukuza mpira wa makaratasi, yote huhesabika.

Walimu, kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba; kilindeni. Wazazi, jioni mpeni mtoto nafasi ya kucheza kabla ya kazi ya ziada. Msichana asiachwe jikoni huku kaka yake yuko uwanjani; kazi za nyumbani zigawanywe. Mtoto mwenye ulemavu naye atafutiwe mchezo anaoumudu.

Mtoto anayerudi na vumbi miguuni hajapoteza wakati. Mpeni maji anawe, kisha mpeni kitabu.