Uziwi wa Ghafla na Kizunguzungu: Sikio Lisingojwe Lizibuke Lenyewe

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Bukene



Mwezi Machi mwaka 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipiga kambi katika kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika. Usiku dhoruba ilitikisa hema lake, na alipowasha mshumaa, mbawakawa wadogo weusi wakajaa ndani. Mmoja akamwingia sikioni. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu hakutoka. Ndipo akachukua kisu kidogo na kuchokonoa. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa. Likatunga usaha, shingo ikavimba hadi begani, taya likashindwa kutafuna, naye akaishi kwa mchuzi. Kwa miezi mingi sikio hilo lilikuwa karibu ziwi kabisa, na kila alipopenga kamasi lilipiga mluzi.

Julai ya mwaka huohuo aliondoka Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma hadi Ziwa Nyanza. Vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta ya sikio miezi sita au saba baada ya ajali. Maana yake ni kwamba katika safari hiyo iliyomletea sifa, Speke alikuwa bado amembeba mbawakawa wake.

Speke hakuwa na zahanati karibu. Mkazi wa Bukene anayo. Hata hivyo, njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na ufunguo vingali vinaingizwa masikioni, na mafuta yangali yanamiminwa bila kujulikana tatizo ni nini. Mara nyingine tatizo halipo kabisa mahali ambapo njiti hufika.

Uko uziwi unaotokea ghafla katika sikio la ndani. Mtu hulala mzima, akaamka sikio moja limezima. Wengine hupoteza usikivu katika muda wa saa chache au siku zisizozidi tatu. Sikio huhisi kama limejaa maji, huvuma au kulia kama nyenje, na sauti za watu husikika zimepasuka. Mara nyingi hakuna maumivu, na hapo ndipo hatari ilipo: asiyeumwa haoni sababu ya kwenda hospitali. Husema ni nta, au ni mafua, akasubiri lizibuke.

Wagonjwa wengi wa uziwi huu hupata pia kizunguzungu. Sababu yake ni ya kimaumbile. Ndani ya sikio kuna mrija uliojikunja kama konokono, ambao hupokea sauti. Kando yake ipo mifereji mitatu yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka. Wawili hawa ni wapangaji wa nyumba moja: moto ukiwaka chumba kimoja, moshi huingia cha pili. Mgonjwa huona dunia inazunguka, hutapika, na hushindwa kusimama. Asidhaniwe amelewa wala amerogwa. Uziwi unaoandamana na kizunguzungu kikali kwa kawaida huwa mgumu zaidi kupona, hivyo una haraka zaidi.

Ipo njia rahisi ya kupata fununu. Mgonjwa afumbe mdomo na kuguna kwa sauti moja ndefu. Mguno ukisikika zaidi upande wa sikio lililoziba, huenda njia ya sauti imezibwa na nta au majimaji. Ukisikika zaidi upande wa sikio zima, huenda sikio la ndani ndilo lililoathirika. Jaribio hili halichukui nafasi ya uchunguzi. Kwa matokeo yoyote, mgonjwa aende akapimwe.

Tiba inayotumika zaidi ni dawa za jamii ya steroidi, kama vile prednisoloni. Hufaa zaidi zikianzwa katika siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua. Zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha, kwani huweza kupandisha sukari na kuwadhuru wenye vidonda vya tumbo au maambukizi yaliyojificha. Wapo wanaopona wenyewe, kikamilifu au kwa kiasi, lakini hakuna awezaye kujua mapema kwamba yeye ni mmoja wao.

Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Hata hivyo, mtoa huduma aelezwe dawa zote zilizotumika. Kwinini, iliyotibu malaria kwa vizazi vingi, huweza kuleta mvumo wa masikio, uziwi na kizunguzungu, ambavyo mara nyingi huondoka dawa inapokoma. Baadhi ya sindano, kama gentamaisini, huweza kuacha madhara ya kudumu. Homa ya uti wa mgongo na matubwitubwi pia huharibu usikivu.

Kizunguzungu kikali cha sikio la ndani kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, na ubongo hujifunza upya kusawazisha mwili. Mgonjwa apumzike mwanzoni, kisha aanze kutembea taratibu akishikwa mkono. Kulala kitandani wiki nyingi huchelewesha kupona. Asiendeshe pikipiki, asipande mtini, wala asichote maji kisimani peke yake hadi atakapokuwa imara. Anayesikia kwa sikio moja hushindwa kutambua sauti inatoka wapi. Avukapo reli au barabara, ageuze kichwa na kutazama pande zote.

Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kukwama, au mkono na mguu kukosa nguvu, hicho huweza kuwa kiharusi. Mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Kwa anayepoteza usikivu ghafla, safari ianzie zahanati au kituo cha afya siku ileile. Aseme waziwazi siku na saa sikio lilipozima, kwa kuwa maneno hayo ndiyo humwonesha mtoa huduma kwamba jambo ni la dharura. Vipimo kamili vya usikivu havipatikani katika kila kituo. Akipewa rufaa ya kwenda Nzega, Kitete mjini Tabora au Bugando jijini Mwanza, asiiweke barua chini ya godoro akingoja mpunga uvunwe. Mpunga una msimu mwingine mwakani. Sikio lililopitwa na siku zake za tiba huenda lisipate msimu wa pili.