Picha ya Setilaiti Isipoteze Anwani Yake

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa maafisa wa habari wa wadi, vijana wa ramani na kamati za maafa za vijiji, Hola.



Watu wa Tana hawahitaji kufunzwa mafuriko ni nini. Mvua hunyesha Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere yakajaa, na siku chache baadaye maji yako Madogo, Hola na Garsen. Tuliyaona 2018, tukayaona mwishoni mwa 2023, na tena 2024. Kila yanapokuja, swali la kwanza ni moja: maji yamefika wapi?

Siku hizi jibu huanzia angani. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1 hutumia rada, kwa hiyo huyaona maji hata usiku na hata mawingu yakiwa yametanda. Sentinel-2 hupiga picha ambazo kila pikseli, yaani kila kijiraba kimoja cha picha, ni mita 10 kwa mita 10 ardhini. Landsat ya Marekani ina pikseli za mita 30. Picha hizi zote hupatikana bure, na kijana mwenye kompyuta na programu ya QGIS anaweza kuzitumia akiwa papa hapa Hola.

Leo nataka tuzungumzie jambo moja tu: anwani ya picha hizo.

Picha ya setilaiti huja na rangi unazoziona na maandishi usiyoyaona. Maandishi hayo husema mambo matatu. La kwanza, pembe ya juu kushoto ya picha iko wapi duniani. La pili, kila pikseli ina upana wa mita ngapi. La tatu, nambari hizo zimehesabiwa kwa mfumo gani wa ramani. Wataalamu huyaita jioreferensi. Mimi nitayaita anwani. Picha yenye anwani ukiifungua kwenye QGIS hukaa yenyewe mahali pake, mto juu ya mto na barabara juu ya barabara. Isiyo na anwani ni picha nzuri ya kutazama, lakini haiwezi kumwambia nahodha wa mashua aelekee wapi.

Anwani hupotea vipi? Mara nyingi hupotea katika kazi za kawaida kabisa za ofisi ya habari. Mtu anaifungua picha kwenye programu ya kurekebisha picha ili aongeze mwangaza, kisha anaihifadhi. Programu nyingi za aina hiyo huyatupa maandishi yale bila kukuuliza. Mwingine anapiga skrinshoti. Mwingine anaigeuza kuwa JPEG na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kama picha ya harusi. Ikifika kwa chifu, rangi zipo, anwani haipo.

Kupotea kwa anwani kuna nafuu, kwa sababu kompyuta itakwambia haijui picha iko wapi. Hatari kubwa zaidi ni anwani iliyobaki lakini si sahihi tena. Tuchukue mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni kukata picha. Tuseme una picha ya Sentinel-2 na umekata pikseli 200 upande wa kushoto, kisha ukairudishia anwani ya zamani. Pikseli 200 mara mita 10 ni mita 2,000. Kila kitu kwenye picha hiyo kimehamia magharibi kilomita mbili nzima. Kijiji kilicho ukingo wa mashariki wa mto kinaweza kuonekana kiko ukingo wa magharibi. Wenyeji mnajua maana yake: lori la chakula litaenda mahali ambapo ilitakiwa mashua.

Mfano wa pili ni kupunguza ukubwa wa picha ili iwe nyepesi kutuma. Ukiipunguza iwe nusu kwa upana na nusu kwa urefu, kila pikseli sasa inabeba mita 20 za ardhi. Kama anwani bado inasema mita 10, hesabu ya eneo itatoka robo. Shamba za mpunga hekta 400 zilizofunikwa na maji zitasomeka hekta 100. Ripoti hiyo ikipanda hadi kwa wanaopanga misaada, mkulima atapata hasara mara ya pili, na hatajua ilitokea ofisini.

Sasa tuje kwenye mfumo wa ramani, maana hapa hata wenye ujuzi huteleza. Sehemu kubwa ya kaunti yetu iko kusini mwa ikweta, katika kanda ya 37 Kusini. Nambari ya mfumo huo ni EPSG 32737, na jina la faili la Sentinel-2 la huku kwetu huwa na T37M. Kanda ya 37 Kaskazini ni EPSG 32637. Tofauti ni tarakimu moja tu. Lakini picha ya Hola yenye nambari za kusini ukiibandika lebo ya kaskazini, kompyuta itaipeleka karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia.

Ajabu ni kwamba picha za Landsat za huku kwetu huja na lebo ya kaskazini, na si kosa. Nambari zake za kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa. Usiibadilishe lebo hiyo kwa mkono. Kubadilisha lebo ni jambo moja, na kuihamisha picha kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni jambo jingine. Iambie programu iihamishe; itazikokotoa nambari zote upya.

Vilevile ramani zetu za zamani za karatasi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali setilaiti na simu zetu hutumia WGS 84. Ukizichanganya bila kuhamisha, kitu kinasogea takriban mita 300. Umbali huo unatosha kuitoa shule ya mahali pa juu na kuitia majini.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matano.

Kwanza, faili la asili lisiguswe. Lihifadhi kama lilivyopakuliwa, ufanye kazi kwenye nakala.

Pili, kukata, kupunguza ukubwa na kubadilisha rangi kufanywe ndani ya programu za ramani kama QGIS au GDAL, ambazo hurekebisha anwani kila picha inapobadilika. Hifadhi kwa GeoTIFF. Picha za Sentinel-1, kabla ya yote, zipitishwe kwenye marekebisho ya mwinuko wa ardhi, la sivyo hazitakaa sawasawa. Vijana mnaoandika programu kwa Python, mkisoma pikseli peke yake na kuziandika kwenye faili jipya, anwani haiji yenyewe. Inakilini pamoja nazo.

Tatu, picha nyingine huweka anwani kwenye faili dogo la pembeni lenye mistari sita ya nambari. Faili hilo lisafiri na picha na liwe na jina lile lile. Kumbukeni pia kwamba halitaji mfumo wa ramani, kwa hiyo uandikeni.

Nne, kabla ya kutuma, pima. Iweke picha juu ya ramani unayoiamini, utazame kitu kisichohama: daraja, makutano ya barabara ya Minjila, paa la hospitali. Usipime kwa ukingo wa mto. Tana huhama, na mafuriko ndiyo huihamisha.

Tano, nakala ya gazeti au ya ubao wa matangazo iandaliwe mwisho kabisa. Karatasi haibebi maandishi yasiyoonekana, hivyo anwani ionekane kwa macho: mistari ya latitudo na longitudo, kipimo, mshale wa kaskazini, jina la setilaiti, na tarehe picha ilipopigwa. Tarehe msiisahau, maana maji ya Jumatatu si ya Ijumaa.

Wazee wetu, nanyi mna kazi katika hili. Mkiletewa ramani ya mafuriko barazani, muulize aliyeileta: hapa ni wapi, na ni lini? Akishindwa kujibu, mrudishieni. Mnaijua ardhi hii kuliko setilaiti yoyote, na jicho lenu ndilo kipimo cha mwisho kabla lori halijaondoka.

Wenzangu wa habari, kazi yetu ni kusema nini kimetokea, wapi na lini. Picha iliyopoteza anwani imeshapoteza jibu la pili. Tuilinde tangu inapopakuliwa hadi inapobandikwa ukutani.

Maswali sasa, tukianza na wazee.