Divai Ilipowaishia

Jumapili ya 2 ya Mwaka C
Injili: Yn 2:1-11



Injili ya leo inatupeleka Kana ya Galilaya, kwenye nyumba yenye arusi. Tumezoea kuisikiliza habari hii kwa ajili ya mwujiza wake, na ndivyo ipasavyo, maana Mwinjili Yohane anauhesabu kuwa ishara ya kwanza ya Bwana. Lakini leo tunawaomba tusimame kwanza mlangoni, kabla ya mwujiza, tuitazame aibu iliyokuwa ikiinyemelea nyumba ile. Wageni wameketi, karamu imepamba moto, na divai imekwisha. Karamu ya arusi ya Wayahudi wa kale iliweza kuchukua siku 7, kama tusomavyo katika habari ya Samsoni. Jina la bwana arusi wa Kana hatulijui, wala la bibi arusi. Tunachojua ni kwamba vile walivyoandaa havikutosha.

Jambo hili si geni kwetu. Hapa Tanzania, kijana na binti wakikubaliana, mara nyingi hatua ya kwanza si kuonana na paroko, bali ni kuunda kamati. Huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kisha huja kamati ndogo za chakula, vinywaji, ukumbi, mapambo na usafiri. Kadi za michango hugawanywa kazini, sokoni, hata nje ya mlango wa kanisa. Kabla ya arusi kuna kicheni pati ya kumfunda binti, halafu sendofu ya kumwaga. Baada ya arusi kuna siku ya kuvunja kamati, nayo ina nyama yake na vinywaji vyake.

Hatusemi kwamba kuchangiana ni kubaya. Asili yake ni njema. Wazee wetu walipooza, jirani mmoja alileta mchele, mwingine kuni, mwingine akateka maji, na asiye na kitu alikuja kumenya ndizi na kuimba. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini tumefika mahali ambapo kadi hutaja kiwango, na kiwango ndicho kinachofungua mlango. Shangazi aliyembeba bwana arusi mgongoni anabaki nyumbani kwa sababu hakuweza kulipia kiti, na mtu asiyemjua bwana arusi anaketi mbele kwa sababu alilipia viwili. Je, hiyo bado ni karamu ya ukoo?

Ndugu wasikilizaji, lipo jambo zito zaidi. Siku moja walitujia mume na mke, kama wao wenyewe walivyojiita, wakiwa na watoto watatu. Walikuwa wamekaa pamoja miaka 9 bila ndoa takatifu. Kila Jumapili wengine walipokwenda kukomunika, wao walibaki wameinamisha vichwa. Tukawauliza, "Kuna kizuizi gani?" Mwanamume akajibu kwa sauti ya chini, "Padre, bado tunajichanga." Kwa miaka 9 walikuwa wakingoja fedha za ukumbi! Hakuna aliyewaambia kwamba ukumbi si sehemu ya sakramenti.

Basi na tuseme wazi ndoa inahitaji nini. Kadiri ya Kanuni za Kanisa za mwaka 1983, kinachoifanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili, waitoe kwa hiari, mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, na mbele ya mashahidi wawili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka hiari ya wote wawili, taarifa ya siku 21 kabla, na mashahidi wasiopungua wawili. Sheria hiyohiyo inasema kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu tu mahari haikulipwa. Hatusemi wazee wasiheshimiwe. Tunasema waendewe mapema kwa adabu, na mahari isigeuzwe ukuta. Katika Kitabu cha Ruthu, Boazi aliwaketisha wazee 10 langoni mwa mji, wakawa mashahidi. Keki haitajwi, wala msafara.

Wale ndugu wawili walifunga ndoa katika Misa ya kwanza ya Jumapili. Bibi arusi alivaa gauni la kuazima. Baada ya Misa, Jumuiya yao Ndogo ya Kikristo ilipika chai na pilau uani kwao, na watoto wao watatu wakapita wakiwanawisha wageni mikono. Tulikula pamoja nao, na furaha haikupungua hata kidogo.

Pengine mtu atasema, "Padre anatufundisha ubahili." La hasha! Bwana wetu hakuikemea karamu ya Kana, wala hakumwaibisha mwenyeji wake mbele za watu. Aliiokoa furaha yao. Lakini tazameni namna alivyoiokoa. Hakumtuma mtu kwenda kukopa kwa mfanyabiashara. Alitumia mitungi sita ya mawe iliyokuwapo palepale nyumbani, maji ya kawaida, na mikono ya watumishi wa nyumba ileile. Alianza na kilichokuwapo. Hilo ndilo somo letu la leo: arusi ianze na kile kilichopo, na Mungu atakibariki.

Ninyi wachumba mnaojiandaa, yashikeni haya machache. Kwanza, hesabuni fedha iliyo mkononi. Ahadi si fedha. Ikilipwa, mshukuruni Mungu, lakini msiweke oda ya ng'ombe kwa ahadi. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Pili, anzeni na idadi ya wageni, maana ndiyo mama wa gharama zote. Kila mgeni ana sahani yake, soda yake, kiti chake na kipande chake cha keki. Mkishuka kutoka wageni 300 hadi 120, mmepunguza mambo yote kwa pamoja bila kupunguza wema. Lakini mnapopunguza, msianze na maskini wa ukoo. Tatu, unganisheni shughuli. Kumfunda binti ni kazi ya mama, shangazi na somo, na inaweza kufanyika sebuleni kwa kikombe cha chai. Nne, ulizieni ukumbi wa parokia, azimeni kinachoazimika, na kwaya ya vijana wenzenu iwaimbie. Tano, kabla ya kupanga mapambo, tengeni kodi ya nyumba na chakula cha miezi ya kwanza. Arusi ni siku moja. Asubuhi yake ndoa inaamka na njaa.

Juu ya mkopo, wahenga wamemaliza maneno: kukopa arusi, kulipa matanga. Tumewahi kusuluhisha nyumba changa ambamo cherehani ya mke, aliyopewa na mama yake, ilichukuliwa na mdai kabla ndoa haijatimiza mwaka. Deni lilikuwa la vinywaji na mapambo. Wageni waliokunywa hawakuwapo siku cherehani ilipotolewa nje. Na jioni ile neno la kwanza la mume lilikuwa, "Ni ndugu zako waliotaka makubwa," na neno la mke, "Ni rafiki zako." Hivyo deni la siku moja liliingia hadi chumbani.

Nanyi wazazi, msimpime mkwe kwa urefu wa msafara wa magari. Kamati nazo, acheni kushindana na arusi ya mtaa wa pili. Hata sisi mapadre hatuna budi kujipiga kifua. Mara ngapi tumeketi meza kuu, tukasifu mapambo, tukaondoka bila kuuliza nani atalipa? Mara ngapi tumetangaza ndoa bila kuwaambia waumini wetu kwamba maskini naye anaweza kuoa Jumapili hii? Tumekosa, na tunaomba msamaha.

Kwa hiyo, ndugu, tunawaalika leo ninyi mnaoishi pamoja mkingoja fedha: msingoje tena. Njoni ofisini kwa paroko wenu wiki hii. Njoni na mashahidi wawili na ridhaa yenu. Kama hakuna kizuizi kingine, umaskini wenu hautawazuia.

Mama Maria aliona upungufu wa nyumba ile kabla ya wageni wengine, akamwambia Mwanae kwa siri. Tumwombe azitazame na nyumba zetu, hasa zile zinazoficha madeni nyuma ya picha za arusi. Naye Kristo, aliyealikwa Kana akaja, aalikwe kwetu kabla ya mgeni mwingine yeyote.

Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.